Je, wajua kwa nini uso uliokwenda upande ni mgumu kupima?

Fundi mwashi akitilia shaka ukuta, hutundika timazi. Kamba hainyooshi wala haipindi kwa kumwonea mtu haya. Ukuta ukiwa umelala, ataona. Sasa mchukue mtoto aliyezaliwa na taya dogo upande mmoja. Kidevu kimevutiwa huko, pembe ya mdomo imepanda, na sikio pengine ni kinundu tu cha nyama. Timazi utaitundika wapi?

Madaktari huiita hali hiyo maikrosomia ya uso na fuvu. Miongoni mwa kasoro za uso za kuzaliwa nazo, hutajwa kuwa ya pili kwa wingi baada ya mdomo sungura na kaakaa lililopasuka. Makadirio yanayorudiwa sana ni mtoto 1 kwa kila 3,500 hadi 5,600. Chanzo chake ni cha wiki za mwanzo kabisa za mimba, pale matao mawili ya kiinitete yanayojenga taya, sikio na misuli ya uso yanapokua pungufu, mara nyingi upande mmoja tu. Ndiyo maana taya na sikio huumia pamoja. Na hapo ndipo vipimo vinapoanza kuleta matata.

Taya la chini lina tawi linalopanda kutoka pembe ya taya hadi kwenye kifundo, mbele kidogo ya sikio. Ungedhani kazi ni nyepesi: pima la kulia, pima la kushoto, toa. Lakini kifaa cha kushikilia kichwa wakati wa eksirei, kilichoanza kutumika mwaka 1931 Marekani na Ujerumani, hukishika kwa vijiti viwili vinavyoingizwa masikioni. Sikio moja likiwa chini kuliko jingine, au halina tundu kabisa, kichwa hukaa upande na picha hutoka na uongo wake. Tena kwenye eksirei ya kawaida, mfupa ulio mbali na filamu huonekana mkubwa kuliko ulivyo.

Basi tuache masikio, tutumie macho? Nayo yana kesi. Mfumo wa OMENS wa mwaka 1991, unaotumika kuainisha hali hii, hukagua tundu la jicho pamoja na taya, sikio, neva na nyama laini, kwa sababu tundu hilo nalo laweza kuwa dogo au limeshuka.

Siti skani iliyafungua mambo. Kompyuta hulijenga fuvu lote, hulipindua kama kwenye kioo, kisha hulilaza nakala juu ya asili na kupima mwachano. Hapa pana mtego ambao kwangu ndio utamu wa jambo zima. Ukiiambia kompyuta ioanishe uso mzima kadiri iwezavyo, itaigawa kasoro pande zote mbili, na upande mzima nao utaonekana una makosa. Ukiiambia ishike paji la uso na sehemu za fuvu ambazo hazikuguswa, kasoro hubaki mahali pake. Mtoto ni yuleyule, majibu mawili.

Kwa kuwa siti skani ina mionzi, watoto wengi hupigwa picha za kamera kadhaa kwa mpigo, zinazotoa umbo la ngozi. Hazidhuru, ila ngozi si mfupa, na mtoto akicheka, neva dhaifu ya uso huongeza upogo usiokuwapo alipotulia. Kujua kama mstari wa meno umeinama, kijiti bapa cha kukandamizia ulimi bado kinatosha: mtoto hukiuma kwa kukilaza kati ya meno ya pande zote mbili, nawe unakitazama ukikilinganisha na mstari wa macho, kama macho yenyewe yako sawa.

Lililogawa wataalamu zaidi ni swali la ukuaji. Je, upogo huzidi kadiri mtoto anavyokua? Baadhi ya madaktari wa Boston walisema ndiyo, kwa hiyo upasuaji usichelewe. Mwaka 1997 kundi la Chicago lilifuatilia eksirei za wagonjwa ambao hawajapasuliwa, likaona pande zote mbili zinakua sambamba. Tuseme tawi zima la mtoto wa miaka 6 ni milimita 40, lile pungufu 20. Akiwa mtu mzima yawe 60 na 30. Ukipima kwa uwiano, hakuna kilichobadilika: tawi pungufu bado ni nusu ya lile zima. Ukipima kwa tofauti, pengo limetoka milimita 20 hadi 30, na kidevu kimezidi kwenda upande mbele ya macho ya mama yake. Kwa hiyo mzazi akiambiwa "haijazidi", ana haki ya kuuliza: haijazidi kwa uwiano, au kwa milimita?