Mtoto Hujifunza Kuweka Akiba kwa Mzazi Anayetimiza Ahadi

Mpe mtoto wa miaka minne achague kati ya sarafu tano ndogo na noti moja inayozizidi zote tano kwa thamani. Mara nyingi atachukua sarafu, kwa kuwa anaona ni nyingi. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi aliyechunguza fikra za watoto kwa miaka mingi, alionyesha kwamba kabla ya umri wa miaka saba hivi mtoto hupima kiasi kwa macho: ukivitawanya vitu vile vile kwenye safu ndefu zaidi, atakuambia vimeongezeka. Mzazi anayemhutubia mtoto wa umri huo kuhusu thamani ya fedha anajichosha bure. Hata hivyo asidhani kwamba hakuna kinachomwingia. Mtoto huyo huyo asiyejua noti ipi ni kubwa anajua vizuri kama baba akisema "kesho" ni kesho kweli, au ni njia ya kumnyamazisha.

Sisi tunaotoa elimu ya fedha kwa umma huulizwa na wazazi maswali yale yale: mtoto aanze kufundishwa lini, na aanzie wapi? Wengi hutarajia tuwape mbinu za hesabu. Hesabu zitakuja kwa wakati wake. Kinachotangulia ni mtoto kuamini kwamba kusubiri kunalipa, na imani hiyo anaijenga au anaipoteza mikononi mwa mtu mzima aliye karibu naye.

Huenda umewahi kusikia kuhusu jaribio la peremende laini. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, Walter Mischel na wenzake katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walimweka mtoto mbele ya peremende moja na kumwambia: ukiweza kungoja mpaka nirudi, utapata mbili. Miaka baadaye ilionekana kwamba waliovumilia zaidi walikuwa wakifanya vizuri zaidi shuleni. Watu wengi wakahitimisha kuwa kuna watoto waliozaliwa na subira na wengine bila subira, na kwamba hatima ya mtu inajulikana akiwa bado mdogo. Hitimisho hilo limewakatisha tamaa wazazi wengi pasipo sababu.

Mwaka 2013, Celeste Kidd na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester walilirudia jaribio hilo kwa njia nyingine. Kabla ya peremende, kila mtoto aliahidiwa vifaa bora zaidi vya kuchorea. Nusu ya watoto waliletewa walichoahidiwa. Nusu nyingine, mtu mzima alirudi mikono mitupu na kuomba radhi kwamba vifaa havipo. Kisha ndipo peremende ikawekwa mezani. Watoto walioona ahadi ikitimia walingoja kwa wastani wa dakika 12. Waliovunjiwa ahadi walingoja dakika 3 tu. Walikuwa watoto wachache, 28 kwa jumla, lakini tofauti ilikuwa kubwa mno kuipuuza. Na mwaka 2018 watafiti wengine walipowafuatilia watoto zaidi ya 900, waliona kwamba sehemu kubwa ya uhusiano kati ya subira ya utotoni na mafanikio ya baadaye hupungua pale unapozingatia hali ya familia na mazingira ya nyumbani.

Kwangu mimi, tafiti hizi mbili zina uzito kuliko hotuba zote za akiba. Mtoto anayekimbilia kutumia kila anachopata huenda hana kasoro yoyote ya tabia. Huenda amejifunza, na kwa haki kabisa, kwamba kilichopo sasa ndicho cha uhakika.

Fedha ya mtoto ni ya mtoto

Mgeni anampa mtoto noti. Mgeni akishaondoka, mama anasema, "Lete nikuwekee." Mtoto anampa. Wiki inapita, mwezi unapita, fedha ile imeingia kwenye matumizi ya nyumba na hakuna anayeitaja tena. Mtoto akiuliza anaambiwa, "Kwani chakula unachokula kinatoka wapi?"

Jambo hili linaonekana dogo, nalo ndilo ningeomba kila mlezi aliache kwanza. Mzazi ni benki ya kwanza ya mtoto, na benki hii ikila amana, mteja wake atakua akiamini kuwa fedha salama ni ile iliyokwisha kutumika. Ukiichukua fedha ya mtoto uitunze, iandike mbele yake: tarehe, kiasi, imetoka kwa nani. Daftari la kurasa chache linatosha. Akiihitaji kwa jambo mlilokubaliana, mpe siku hiyo hiyo. Nyumba ikibanwa na ukalazimika kuitumia, mwombe kama unavyomwomba mtu mzima mkopo, mwambie utairudisha lini, na uirudishe. Mtoto aliyewahi kumkopesha mama yake na akalipwa amejifunza mambo mengi kuhusu fedha ambayo hakuna somo la darasani litakalomfundisha.

Ukweli huo huo unahitajika unapokataa. Wazazi wengi hukimbilia kusema "sina hela" kwa sababu inamaliza mabishano. Kisha dakika kumi baadaye mtoto anakuona ukilipia kitu kingine. Anachojifunza ni kwamba fedha ipo, ila anapaswa kulia kwa nguvu zaidi. Mwambie ilivyo: "Fedha hii ni ya kodi ya nyumba. Hicho unachotaka hatukukipanga leo." Na ukishasema hapana, usibadilike kwa sababu ya kilio. Anayepewa baada ya kulia mara ya tano amefundishwa kulia mara tano.

Posho ndogo, siku ile ile

Mtoto hawezi kujifunza kutunza kitu asichokuwa nacho. Kuanzia umri wa miaka sita au saba, familia inayoweza impe posho ndogo ya kila wiki. Kiasi si hoja kubwa. Muhimu ni kwamba kinajulikana, kinatoka siku ile ile, na kikiisha kimeisha. Posho inayotolewa mzazi anapokuwa na furaha na kusahauliwa anapokuwa amechoka haimsaidii mtoto kupanga, maana hakuna anayeweza kupangia fedha asiyojua itakuja lini.

Mwache achague, na mwache akosee. Hapa ndipo wazazi wenye upendo mwingi huharibu. Mtoto amemaliza posho yote siku ya kwanza kwa kitu kilichovunjika jioni yake, anasikitika, na mzazi anamwongezea kwa huruma. Kosa la fedha linalofanyika akiwa na miaka minane ni la bei rahisi mno ukililinganisha na lile lile atakalolifanya akiwa na mshahara na watoto wake mwenyewe. Kaa naye, msikilize, umuulize wiki ijayo angefanya nini. Usimfidie.

Sehemu ya posho iende kwenye kibubu kwa ajili ya kitu anachokitaka yeye, kisichotangulizwa na mapendekezo yako. Lengo liwe karibu kulingana na umri. Kwa mtoto wa miaka sita, wiki mbili au tatu ni mbali sana. Wa miaka kumi anaweza kuweka kwa miezi miwili au mitatu. Kibubu cha chupa inayopitisha mwanga humsaidia mdogo kuona akiba ikipanda. Na tenga kisehemu cha kutoa, hata kama ni sarafu moja. Mtoto anayefundishwa kuhifadhi pasipo kutoa anaweza kuishia kuwa bahili, anayeogopa kutumia hata pale anapougua au anapomwona nduguye ana shida. Hatulei watoto wawe watumwa wa fedha walizoziweka.

Swali la kumlipa mtoto kwa kazi za nyumbani huzua ubishi kila tunapolijadili. Msimamo wangu ni huu: kazi za kawaida za nyumba, kama kutandika kitanda chake au kuosha vyombo, zisilipwe, kwa kuwa ni sehemu ya kuishi pamoja. Kazi ya ziada ambayo mngemlipa mtu mwingine aifanye, hiyo anaweza kulipwa. Kuhusu kulipa kwa alama za shuleni ningekuwa mwangalifu zaidi. Mwaka 1973, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha utafiti juu ya watoto wadogo waliopenda kuchora. Wale walioahidiwa zawadi kwa kuchora, zawadi ilipoondoka, walirudi kwenye michoro kwa takriban nusu ya muda waliotumia wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Kilichokuwa raha kilikuwa kimegeuka kibarua.

Na nyumba isiyoweza kutoa posho? Isijione imeachwa nyuma. Mpe mtoto orodha na fedha ya manunuzi, alinganishe bei, ahesabu chenji, arudi aeleze. Mshirikishe kufunga bomba linalovuja, kuzima taa, kushona nguo iliyochanika, kumaliza daftari kabla ya kuanza jipya. Uwekevu wa namna hii hauhitaji kipato kikubwa, na mara nyingi unashika zaidi kwa sababu mtoto anaona unamhusu.

Fedha isiyoonekana

Zamani mtoto aliona noti zikihesabiwa, pochi ikipungua. Leo anaona simu ikiguswa na mzigo ukiletwa mlangoni. Tunajua kwamba hata watu wazima hulegea wanapolipa bila fedha taslimu: katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, Drazen Prelec na Duncan Simester waliwafanya wanafunzi wa shahada ya uzamili kushindania tiketi za michezo kwa mnada. Walioambiwa watalipa kwa kadi walikuwa tayari kutoa bei za juu zaidi, kwa tiketi fulani karibu mara mbili, kuliko walioambiwa watalipa taslimu. Mtu mzima mwenye elimu akivutwa hivyo, mtoto je?

Basi unapolipa kwa simu mbele ya mtoto, sema kwa sauti. Mwonyeshe salio kabla na baada. Michezo ya kompyuta na simu ina mtego wake: mtoto hanunui kwa fedha, ananunua kwa vito au nyota zilizonunuliwa kwa fedha, na mara nyingi hajui kiasi halisi. Keti naye mbadilishe vito hivyo kuwa fedha mnazozifahamu. Usiache kadi au akaunti yako ya malipo ikiwa imefunguka kwenye kifaa anachochezea. Januari 2014, kampuni ya Apple ilikubaliana na Tume ya Biashara ya Marekani kurejesha angalau dola milioni 32.5 kwa wateja ambao watoto walikuwa wamenunua vitu ndani ya programu bila idhini ya wazazi. Tatizo ni la nyumba nyingi, kwa hiyo mtoto wako akifanya hivyo usimwone mwizi. Weka nywila, kisha mweleze.

Matangazo nayo. Watoto walio chini ya miaka saba au minane hivi kwa kawaida hawatambui kwamba tangazo lina nia ya kuwashawishi. Wanalipokea kama habari. Jimbo la Quebec nchini Kanada lilipiga marufuku mwaka 1980 matangazo ya biashara yanayowalenga watoto walio chini ya miaka 13. Kwa mzazi ambaye sheria za kwao hazimlindi hivyo, lipo jambo moja linalofanya kazi: orodha ya matamanio ukutani. Kila anachokitaka mtoto kinaandikwa na tarehe, na hakinunuliwi kabla ya wiki mbili. Vingi atavifuta mwenyewe.

Anapokaribia utu uzima

Akifikisha miaka 12 au 13 kibubu hakitoshi tena. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini fedha iliyofungiwa ndani hupungua nguvu kadiri bei zinavyopanda. Bei zikipanda kwa asilimia 8 kila mwaka, baada ya miaka 9 hivi fedha ile ile itanunua nusu ya ilichokuwa ikinunua. Mfungulie akaunti inayoruhusiwa kwa umri wake na umfundishe kanuni ya 72: gawa 72 kwa asilimia ya riba, utapata makadirio ya miaka ambayo fedha itajizidisha mara mbili. Kwa asilimia 6 ni miaka 12. Kisha mwonyeshe upande wa pili, ambao wengi wetu hatukuonyeshwa: deni la asilimia 24 lisilolipwa, riba ikiongezwa juu ya riba, hujizidisha mara mbili kwa miaka 3.

Ataanza pia kukuomba umkopeshe. Usikatae kila mara. Mkopeshe kidogo, muandikiane kiasi, tarehe ya kulipa na kitakachotokea akichelewa, na kila mmoja atie sahihi. Siku ikifika, dai. Akiwa hana, kata kwenye posho ijayo kama mlivyokubaliana, bila maneno makali na bila kusamehe nusu.