Ladha ya Mtoto na Kelele za Matangazo: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Mtoto anajua kwamba tangazo ni tangazo tu.

Ukweli ni kwamba kulitofautisha tangazo na kipindi ni jambo moja, na kutambua kwamba tangazo limetengenezwa ili kukushawishi ni jambo lingine linalokuja baadaye sana. Mwaka 2004 jopo la Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani lilihitimisha kwamba watoto walio chini ya miaka 8 kwa kawaida hawatambui nia hiyo, bali huyachukua maneno ya tangazo kuwa taarifa za kweli. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, watoto 63 wenye umri wa miaka 3 hadi 5 walionjeshwa vyakula vilevile mara mbili, mara moja katika karatasi yenye nembo ya McDonald's, kampuni ya migahawa ya Marekani, na mara nyingine katika karatasi tupu. Wengi walisema kile chenye nembo ni kitamu zaidi, na hata karoti na maziwa havikusalimika. Sheria za baadhi ya nchi zimeuzingatia udhaifu huu: Quebec, nchini Kanada, imezuia tangu mwaka 1980 matangazo ya biashara yanayowalenga watoto walio chini ya miaka 13, na Sweden ilizuia matangazo ya televisheni yanayowalenga walio chini ya miaka 12 kuanzia mwaka 1991. Siku hizi, hata hivyo, tangazo halisubiri kipindi kikatizwe, kwa kuwa video ya mtoto mwenzao anayefungua boksi la kichezeo ndiyo kipindi na ndiyo tangazo.

Dhana: Hicho ndicho anachokipenda, tumwache na ladha yake.

Heshima kwa chaguo la mtoto ni jambo jema, lakini inafaa kwanza kuuliza amechagua kati ya vitu vingapi. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha kwamba watu huelekea kukipenda zaidi kitu kwa sababu tu wamekutana nacho mara nyingi, hata kama ni neno lisilo na maana yoyote. Watangazaji wanalijua hilo vizuri, ndiyo maana wimbo wao hurudiwa mpaka mtoto anauimba usingizini. Wazazi wengi, kwa upande mwingine, humsomea mtoto utenzi mara moja au humsikilizisha muziki wa taarabu jioni moja, na akikunja uso wanahitimisha kwamba mambo hayo si ya kizazi chake. Huo ni ushindani usio sawa: kitu kilichosikika mara mia kinapimwa dhidi ya kilichosikika mara moja. Shairi lisomwe tena wiki ijayo, bila kumlazimisha akae wala kumtaka atoe maoni, na muziki usikike huku akiendelea na shughuli zake. Lisilozaa matunda ni kuvibeza anavyovipenda, kwa sababu hapo ataanza kuvitetea.

Dhana: Zawadi huchochea ubunifu.

Mwaka 1973 mwanasaikolojia Mark Lepper na wenzake walichapisha utafiti juu ya watoto wa shule ya awali waliopenda kuchora. Baadhi waliahidiwa cheti kabla ya kuchora, wengine wakapewa bila kutarajia, na wengine hawakupewa chochote. Siku kadhaa baadaye, walipoachwa huru kucheza, wale walioahidiwa walichora kwa takriban nusu tu ya muda waliotumia wenzao. Kuchora kulikuwa kumegeuka kazi ya malipo. Ni afadhali kumwambia, “Nieleze mchoro huu,” kisha umsikilize mpaka mwisho, jambo ambalo, nakiri, ni gumu kuliko kununua zawadi.

Dhana: Bila vifaa maalumu vya kisasa, mtoto hawezi kuwa mbunifu.

C. Th. Sørensen, msanifu wa bustani wa Denmark, aligundua kwamba watoto walivutiwa na maeneo ya ujenzi kuliko viwanja vya michezo alivyowabunia. Wazo lake lilizaa uwanja wa Emdrup, mjini Copenhagen, uliofunguliwa mwaka 1943 ukiwa na mbao, matofali na vitu chakavu ambavyo watoto walijengea walichotaka. Kichezeo kinachotoka katika katuni huja na jina, sauti na hadithi yake tayari, lakini ubao hauji na chochote.

Dhana: Dawa ni kuzima kila skrini.

Kupunguza kunasaidia, hasa kwa wadogo, ingawa tangazo litamfuata mtoto barabarani na shuleni. Aliyefikisha miaka 8 au 9 anaweza kupewa kazi ya kutunga tangazo la kijiko kilichopinda. Atatafuta maneno matamu, atachagua muziki, ataamua upande gani wa kijiko uonekane na upi ufichwe, na tangazo lijalo kwenye televisheni atalitazama kama fundi anayeikagua kazi ya fundi mwenzake.