Uvimbe ukionekana mkubwa kwenye picha ya MRI, je, tiba imeshindwa?

Dhana: Uvimbe ukiongezeka baada ya tiba ya kinga, saratani imeshinda.

Si lazima. Tiba ya kinga ni ile inayouamsha mfumo wa kinga wa mwili upambane na saratani. Kiswahili chenyewe kinatupa fununu hapa: uvimbe huweza kuwa saratani inayokua, na uvimbe pia ni pale mwili unapopambana na kidonda. Picha ya MRI ina utata huohuo. Seli T, yaani askari wa kinga ya mwili, zikimiminika kwa wingi ndani ya saratani, eneo lile hutanuka, na kwenye picha huonekana kama ugonjwa umezidi. Ndiyo maana mwongozo wa iRECIST wa kupima kwa picha matokeo ya tiba ya kinga, uliotolewa mwaka 2017, unataka ukuaji wa namna hiyo uthibitishwe kwa picha nyingine baada ya wiki 4 hadi 8, iwapo hali ya mgonjwa inaruhusu kusubiri. Lakini tusijidanganye: wanaopata ukuaji huu wa uongo ni wachache. Mara nyingi uvimbe uliokua umekua kweli, na anayezidi kudhoofika hapaswi kuambiwa asubiri tu.

Dhana: Tiba ya kinga ni kemotherapi iliyobadilishwa jina, tena haina madhara.

Kemotherapi hushambulia seli zinazogawanyika haraka. Dawa za tiba ya kinga zinazozuia CTLA-4 au PD-1, protini zilizo juu ya seli T, zenyewe haziui saratani. Huachia breki zinazozizuia seli T zisifanye kazi. Ugunduzi huo uliwapa James Allison na Tasuku Honjo Tuzo ya Nobel mwaka 2018. Breki zikishaachiwa, seli hizo zinaweza kugeukia utumbo, mapafu, tezi ya shingoni, hata moyo. Misuli ya moyo ikishambuliwa, MRI ni miongoni mwa vipimo vinavyosaidia kulibaini hilo.

Dhana: MRI inachoma mwili kwa mionzi.

Wenye mionzi ni eksirei na CT, kipimo kinachounganisha picha nyingi za eksirei. MRI hutumia sumaku kali, aghalabu ya tesla 1.5 au 3, na mawimbi ya redio. Zamani jina lake lilibeba neno "nyuklia", likaondolewa kwa kuwa liliwatisha watu. La kuogopa mle chumbani ni chuma, kwa hiyo mtaje mapema kifaa chochote mlichowekewa mwilini.

Dhana: MRI inaziona seli za kinga zikipigana.

Bado. Watafiti huzipaka seli chembe ndogo mno za oksidi ya chuma ili wazifuatilie kwa sumaku, ila seli hizo zikifa, chuma hubaki palepale na picha huendelea kuonyesha alama yake.