Jiko la Safari Halichaguliwi kwa Mngurumo

Juma lililopita kijana mmoja wa Shela, Lamu, alinijia na jiko jipya la gesi, lile dogo linalofungwa juu ya kopo. Akaliwasha barazani, moto ukanguruma. "Ami, sikiza moto huo!" Jioni ile ile tulikuwa Manda, ng'ambo ya mkondo, kusi inavuma. Chai ya watu wanne ilitushinda kwa zaidi ya nusu saa, na maji hayakutokota sawasawa.

Nimechoka kuyaona haya. Kazi yangu ni kuwapikia watu wanaolala nje, chomboni na ufukweni, na kila msimu nakutana na mtu aliyenunua jiko kwa ukali wa moto. Aliliona likiwaka dukani. Dukani hakuna upepo!

Tazama kinachotokea. Moto wa jiko kama lile hutoka kwenye kichwa kidogo, na sufuria inakaa vidole viwili juu yake. Upepo ukipita katika nafasi ile, ulimi wa moto unalala, unatoka nje ya kitako cha sufuria na kupasha hewa. Ukifungua gesi zaidi, unapasha hewa zaidi. Hata siku ya shwari, moto unaopanda ubavuni mwa sufuria ni gesi inayopotea bure, na wali unaungua katikati huku kando ukiwa mbichi. Mimi nataka kichwa kipana, kilichozama kidogo ndani ya ukingo, sufuria ikikikalia karibu. Nataka pia moto unaokubali kushushwa hadi uwe mdogo kabisa, kwani wali wa nazi unapikwa kwa moto wa taratibu. Punguza mbele ya muuza duka, punguza tena, kisha upulize kwa mdomo. Ukizimika, mrudishie.

Miguu iwe mipana. Mchanga wa Shela hauna imani. Weka kipande cha ubao chini, basi.

Sasa lile linalonikera kuliko yote. Mtu akiona upepo unamshinda, anatafuta bati na kulizungushia jiko pande zote, kopo likiwa ndani. Halafu anafurahi kwamba maji yamechemka haraka. Ndugu yangu, umelipikia kopo pia! Joto linarudi chini, gesi ya ndani inatanuka, na kopo linaweza kupasuka mbele ya uso wako. Kinga upande wa upepo tu, uache upande wa pili wazi, na ulishike kopo kila baada ya muda. Kopo linalotoa gesi kwa kawaida hupoa, hata hutoa jasho, kwa sababu gesi ikigeuka kutoka maji kuwa hewa hula joto. Likianza kuwa la moto, zima papo hapo. Nakiri kwamba mkono si kipimo kamili: kopo lililoshinda juani mchangani lina joto lake hata kabla ya kuwasha, na saa kumi alasiri mara nyingi siwezi kutofautisha. Nikiwa na shaka nazima, wageni wangoje. Anayetaka kukinga pande zote anunue jiko la mpira wa kupitisha gesi, ambalo kopo lake linakaa mbali na moto.

Kuhusu aina ya gesi, watu wanalipia makopo ya mchanganyiko yaliyotengenezwa kwa ajili ya baridi. Butani, gesi ya makopo ya kawaida, huacha kugeuka hewa karibu na nyuzi 0, kwa hiyo usiku wa Mlima Kenya itakuangusha. Lamu haikuangushi kamwe. Na wewe unayekuja kwa ndege, kopo la gesi halipandi ndege, kwa hiyo hakikisha utapata linaloingiana na jiko lako kabla hujafunga mzigo.

Jiko la mafuta ya taa la pampu bado nalipenda, maana linastahimili upepo, ingawa tundu lake huziba na linataka pini kila mara. Lakini tangu 2018, serikali ilipoweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ili mafuta hayo yasichanganywe na dizeli, hesabu yake imekuwa ngumu.

Makaa usiyaingize hemani, hata yakiwa majivu matupu juu. Hewa yake inaua na haina harufu.

Chomboni ndipo nisipokata shauri mpaka leo. Wazee wetu walipika kwa makaa ndani ya sanduku la mchanga, na kila mtu aliliona cheche likiruka. Gesi ni safi na ya haraka, lakini ni nzito kuliko hewa: ikivuja hushuka ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, na kukaa humo pamoja na maji machafu, wewe umekaa juu hunusi kitu, unawasha kiberiti. Kwa hiyo mtungi wangu hukaa juu ya sitaha penye upepo, nafunga valvu kila nimalizapo, na kabla ya kuwasha tena nainama hadi ngamani ninuse. Seredani, jiko la makaa, nayo naibeba, na mara nyingi samaki wa kupaka huishia huko.

Kijana wa Shela tulimhamisha nyuma ya ubavu wa mashua iliyopwelewa, upande wa demani, usiopigwa na upepo. Jiko lile lile, moto nusu. Chai ikawa tayari kabla hatujamaliza kuosha vikombe.