Baada ya kuondolewa ufilisi: deni linalokufa na deni linalobaki

Mwezi uliopita alikuja ofisini kwangu mzee mmoja aliyekuwa na malori ya kubeba mchanga na kokoto. Alitoa kwenye bahasha nakala ya Gazeti Rasmi la Serikali, imekunjwa mara nne hadi mikunjo inaanza kupasuka, akaweka kidole juu ya jina lake. "Wakili, tangu hapa ni zaidi ya miaka minne. Si nimeshatoka?"

Nilimuuliza jambo moja tu: baada ya amri ya mahakama iliyokutangaza muflisi, uliwahi kujaza taarifa ya hali yako ya kifedha na kuiwasilisha? Akanyamaza. Aliyepeleka kesi ni mkopeshaji. Yeye mwenyewe hakukanyaga mahakamani, na karatasi alizoletewa alizifungia kabatini kwa sababu kila akiziona usiku hapati usingizi.

Hajatoka. Miaka yake mitatu haijaanza hata kuhesabiwa.

Nimefanya kazi ya kesi za ufilisi Kenya kwa muda mrefu, na hili ndilo kosa linaloniuma kuliko yote, kwa sababu halihitaji pesa kuliepuka. Sheria ya Ufilisi ya 2015 inasema muflisi huondolewa ufilisi moja kwa moja baada ya miaka 3. Watu huishika hiyo "miaka 3" na kuacha maneno yanayofuata. Miaka hiyo huhesabiwa tangu siku ulipowasilisha taarifa ya hali yako ya kifedha, yaani mali zako, madeni yako, nani anakudai na nani unamdai. Siku ya amri haihesabiwi, wala siku ya tangazo gazetini. Ukikaa kimya miaka kumi, unabaki muflisi miaka kumi.

Hata hivyo sheria hii ni nafuu kubwa. Chini ya Sheria ya Ufilisi ya zamani, Sura ya 53, hakukuwa na kuondolewa kwa wakati kupita. Ilikupasa urudi mahakamani, uombe, usikilizwe, na wengi hawakuwa na nauli wala ujasiri wa kurudi. Kuna watu waliozikwa wakiwa bado muflisi kisheria.

Neno lenyewe hutuchanganya. Mtaani tunasema "nimefilisika" hata mtu akikosa nauli ya matatu. Kisheria wewe si muflisi mpaka mahakama itoe amri. Siku hiyo mali yako inahamia kwa msimamizi, ambaye mara nyingi ni Mpokeaji Rasmi, afisa aliye katika Huduma ya Usajili wa Biashara. Vitu kama vifaa vya kazi yako vya lazima, nguo na vyombo vya nyumbani vya kawaida unaachiwa. Mali utakayopata kabla ya kuondolewa nayo inaweza kuchukuliwa, kwa hiyo usishangae urithi wa shamba ukiulizwa.

Kuna mambo yanayozuia miaka 3 isikutoe hata kama uliwasilisha taarifa. Msimamizi au mdai akiweka pingamizi na asiliondoe, unasubiri mahakama iamue. Ukitakiwa kuhojiwa hadharani kuhusu mali zako na hujamaliza kuhojiwa, unasubiri. Ukiwa bado uko kwenye ufilisi wa awali, vilevile. Kwa upande mwingine, unaweza kuomba mahakama ikuondoe mapema, nayo inaweza kukubali, kukataa, au kukubali kwa masharti.

Sasa tuseme umetoka. Nini kimebadilika?

Madeni yaliyokuwepo kabla ya amri, ambayo wadai walistahili kuyadai katika ufilisi wako, yamekufa. Mdai hawezi tena kukutumia dalali, wala kuomba ufungwe jela ya madeni kwa deni hilo. Wateja wengi hawaniamini nikisema hivi. Mmoja alinipigia simu miezi mitano baada ya kuondolewa, anatetemeka, kwa sababu mkusanya madeni alimtishia kumkamata. Nilimwambia aombe vitisho hivyo kwa maandishi. Simu zilikoma siku hiyo hiyo.

Lakini si kila deni hufa. Deni lililotokana na ulaghai au kuvunja uaminifu kwa hila linabaki. Matunzo ya mke au mume yaliyoamriwa na mahakama yanabaki, na ya watoto pia, na mimi nasema ndivyo inavyopaswa kuwa: mtoto hakukukopesha kwa riba. Kama uliamriwa kuchangia kutoka kwenye mshahara wako ukiwa muflisi na hukumaliza, hilo nalo linabaki. Na mkopeshaji aliyeshika dhamana ya mali, kama hati ya ploti au logbuku ya gari, haki yake juu ya mali ile haifutwi na kuondolewa kwako. Mali iliyokwisha kuhamia kwa msimamizi nayo hairudi. Ploti isiyouzwa bado inabaki mikononi mwake hadi aiuze, na wewe unatakiwa uendelee kumsaidia akikuhitaji.

Na kuna wadhamini. Hapa naomba usome polepole.

Kuondolewa ufilisi kunakuondoa wewe. Hakumwondoi mdhamini wako, mshirika wako wa biashara, wala mke au mume uliyesaini naye mkopo. Katika nchi yetu ya SACCO, hili si jambo dogo. Mwalimu anakopa, walimu wenzake wanne wanasaini, na akiba zao ndizo dhamana. Yeye akifilisika, SACCO inageukia akiba zao. Miaka 3 baadaye yeye amesafishwa na sheria, na wao bado wanakatwa. Zaidi ya hapo, haki yao ya kumdai yeye fidia ilikuwa sehemu ya ufilisi ule ule, kwa hiyo kwa kawaida nayo imekufa pamoja na madeni mengine.

Nimeona urafiki wa miaka ishirini ukivunjika juu ya jambo hili, watu wakikwepana hadi kwenye matanga. Kwa hiyo siku hizi, mtu akija kuniuliza habari ya kuomba ufilisi mwenyewe, naanza na wadhamini kabla sijagusa deni lenyewe. Namtaka awaambie kwanza, kwa mdomo wake, ili wajue wapeleke madai yao kwa msimamizi kwa wakati. Wakikosa, hata kile kidogo kinachogawanywa kwa wadai hawakipati.

Na sheria haimkatazi mtu kulipa kwa hiari baada ya kutoka. Mama mmoja muuguzi niliyemhudumia alianza kuwatumia wadhamini wake watatu shilingi 1,500 kila mmoja, kila mwisho wa mwezi, kwa M-Pesa. Hakuna aliyemlazimisha. Aliniambia anataka kuketi nao tena kwenye chama.

Mengine yanarudi haraka. Muflisi hawezi kuwa mkurugenzi wa kampuni bila idhini ya mahakama. Ukiondolewa, kizuizi hicho kinaisha. Katiba, ibara ya 99, humzuia muflisi ambaye hajaondolewa kugombea ubunge, na ibara ya 193 humzuia kugombea kiti cha bunge la kaunti. Ukiondolewa, njia iko wazi.

Kinachochelewa ni CRB, yaani ofisi zinazotunza rekodi za mikopo ya watu. Kufa kwa deni mahakamani hakufuti historia yako ya mikopo, na taarifa mbaya inaweza kukaa kwenye rekodi hadi miaka 5. Una haki ya kupata ripoti yako bure mara moja kwa mwaka, basi ichukue. Mara nyingi nimekuta deni lililokufa bado limeandikwa kana kwamba linadaiwa hadi leo, riba ikiongezeka. Hilo ni kosa, na unapaswa kulipinga kwa maandishi. Kabla ya hapo, mwandikie Mpokeaji Rasmi akupe uthibitisho kwamba umeondolewa na tarehe yake. Benki haitakisia, inataka karatasi.

Yule mzee wa malori tulijaza naye taarifa yake kwa alasiri mbili. Alikumbuka kila deni, hadi mishahara ya miezi miwili ya madereva na bili ya magurudumu. Mara kadhaa alisimama akaenda dirishani. Aliiwasilisha Jumatatu. Tarehe hiyo ameiandika kwa kalamu kwenye ile nakala ya Gazeti, pembeni mwa jina lake.