Harufu ya kwapa si sumu inayotoka mwilini

Kwa miaka mingi umekuwa ukizunguka kwenye makundi ya WhatsApp ujumbe unaodai kwamba harufu ya kwapa ni sumu inayotolewa na mwili kwa njia ya jasho, na kwamba anayepaka dawa ya kuzuia jasho anaifungia sumu hiyo ndani. Madai hayo si ya kweli. Kazi ya kuchuja taka hufanywa hasa na ini na figo. Jasho kazi yake kubwa ni kuupoza mwili.

Jasho likitoka tu, karibu halina harufu. Kwapani kuna tezi za aina ya pekee, zinazoanza kazi wakati wa balehe, ambazo hutoa majimaji yenye mafuta na protini; bakteria wa kwenye ngozi huyavunjavunja, na hapo ndipo harufu huzaliwa. Jipime mwenyewe: jifute paji la uso kwa leso safi, uinuse, kisha unuse kwapa la shati ulilovaa tangu asubuhi.

Nadhani kinachotisha watu ni neno “kuziba”. Ni kweli kwamba chumvi za alumini zilizomo katika dawa hizo huziba vijitundu vya jasho, lakini kwa muda tu, na sehemu nyingine za mwili huendelea kutoa jasho.

Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze, hasa ule unaoshauri kusugua limau, ambalo huchoma ngozi iliyotoka kunyolewa. Wengi hutosheka na sabuni, kujikausha vizuri na nguo safi. Harufu ikibadilika ghafla, au jasho likikulowesha usiku bila sababu, mwone daktari.