"Zote zilinisaidia, halafu ikarudi": tiba za maumivu sugu ya shingo

Fundi cherehani mmoja, mama wa makamo, aliingia kliniki na bahasha ya kaki kwapani. Hata hajakaa vizuri akaanza kunihesabia kwa vidole: amewekewa moto, amewekewa umeme, amepakwa ile jeli ya baridi na kupitishiwa mashine, amevutwa shingo, amevaa kola ya kushikilia shingo wiki tatu, amechuliwa na bibi mmoja wa mtaani kwao kwa mafuta ya nazi. Miaka miwili anahangaika. Nikamwuliza ipi kati ya hizo ilimsaidia.

"Zote zilinisaidia, daktari. Halafu ikarudi."

Mimi si daktari, ni mtaalamu wa fiziotherapia, ila kusahihisha nimeshachoka. Jibu lake ndilo lililonikalisha kuandika. Wagonjwa huniuliza tiba ipi ni kali zaidi, na mimi naona swali lenyewe ni jingine: ukishatoka mlangoni kwangu, nafuu hiyo unakwenda nayo mpaka lini?

Maumivu ya shingo yakipita miezi 3 tunayaita sugu. Kwa wengi, wakati huo hakuna kilichovunjika kinachosubiri kuungwa. Misuli midogo ya ndani, iliyolala mbele ya pingili 7 za shingo, imezembea. Ile mikubwa ya shingo na mabega inabeba kazi isiyo yake, ndiyo unaisikia imekaza kama kamba. Neva nazo zimezoea kupiga kelele kwa jambo dogo. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 5 hivi, na huyu mama hukiinamisha juu ya sindano tangu asubuhi hadi adhana ya magharibi.

Ile bahasha ilikuwa na picha ya MRI. Alishaambiwa diski, ile mito laini iliyo kati ya pingili, zimetuna na pingili zimesagika, na neno "kusagika" lilikuwa limemwingia kiasi kwamba aliogopa kugeuza kichwa akivuka barabara. Nilimweleza jambo ninalowaeleza wengi: mwaka 2015 watafiti wa Japani walitoa matokeo ya picha za MRI za watu 1,211 waliojitolea, wazima, wasio na dalili zozote za shingo. Asilimia 87.6 kati yao walikuwa na diski iliyotuna. Picha si uongo, lakini peke yake haikuambii kwa nini unaumwa. Akairudisha kwenye bahasha taratibu, nusu ameamini.

Sasa tuje kwenye mashine, na hapa nina la kukiri. Nilipoanza kazi nilikuwa nikimwekea moto na ultrasaundi (ile mashine ya jeli inayotibu kwa mawimbi ya sauti, si ya kupigia picha) karibu kila mwenye shingo, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na mashine haichoki. Mgonjwa anaipenda pia. Ina taa, inalia, anajisikia ametibiwa. Ila kwa shingo sugu, ushahidi wa ultrasaundi ni dhaifu sana, na siku hizi yangu inakaa kwenye kona imefunikwa kitambaa. Umeme wa kutuliza maumivu unaweza kupunguza makali wakati umewashwa na labda saa chache baadaye. Moto nao ni hivyo hivyo. Sikatai kumpunguzia mtu makali, mwenye kuumwa anastahili kupumua. Lakini kwa moto, taulo lililochovywa maji ya uvuguvugu nyumbani linatosha, halina nauli wala foleni.

Mikono ni habari nyingine. Kuchua misuli hutuliza, na unaposogeza pingili taratibu kwa vidole gumba, shingo iliyogoma kugeuka huanza kugeuka palepale kitandani. Nimeiona mara nyingi mno kuidharau. Tatizo ni kwamba baada ya siku mbili tatu mgonjwa amerudi alipokuwa, na kama hujampa cha kufanya nafasi ile ilipofunguka, mtaendelea kukutana hivyo mpaka mmoja wenu astaafu. Wengine hutaka shingo ilie, wakiamini mfupa umerudi mahali pake. Hakuna mfupa uliorudi. Sauti ile hutoka kwenye majimaji ya kiungo, hewa inapofanya kipovu shinikizo linaposhuka ghafla.

Naomba niseme na jingine, wenye saluni mnisamehe. Kinyozi anayemaliza kunyoa kisha akakushika kidevu na kukizungusha kichwa ghafla hajui mishipa ya damu ya shingo yako ikoje. Ni nadra, lakini mshipa unaweza kuchanika kwa ndani na mtu akapata kiharusi. Mwambie akupake aftashevu tu.

Kola siipendi kabisa kwa maumivu sugu, kwa kuwa inaipumzisha misuli ambayo tayari imezembea. Mashine ya kuvuta shingo naitumia zaidi kwa mtu ambaye maumivu yanashuka mkononi hadi vidoleni, na hata hapo naiunganisha na mazoezi. Sindano kavu, yaani sindano nyembamba zisizo na dawa zinazochomwa kwenye msuli, huwalegeza wengine misuli kwa muda mfupi, anayeogopa sindano hapotezi kitu kikubwa.

Yanabaki mazoezi, na najua wengi hapa ndipo wanapofunga ukurasa.

Watafiti wa Finland waliwagawa wanawake 180 wa kazi za ofisini, wote wakiwa na maumivu sugu ya shingo, katika makundi matatu ya watu 60. Kundi la kwanza liliimarisha shingo kwa kuvutana na utepe mgumu wa mpira. La pili lilikuwa likilala chali na kuinua kichwa mara nyingi. La tatu lilishauriwa kunyoosha misuli na kufanya mazoezi ya pumzi kama kutembea. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Baada ya miezi 12, waliosema wamepata nafuu kubwa au kupona kabisa walikuwa asilimia 73 katika kundi la mpira, asilimia 59 katika la pili, na asilimia 21 katika lile la kunyoosha. Kwa hiyo ukiniambia "mazoezi nilifanya, hayakusaidia," nitakuuliza mazoezi gani. Kuzungusha shingo huku unatazama runinga kunalegeza, hakujengi misuli.

Wenye kusema hawana muda nao wana jibu lao kutoka Denmark. Mwaka 2011 watafiti wa huko walitoa matokeo ya wafanyakazi 198 wa ofisini: wengine walivuta mpira kwa kuinua mikono pembeni dakika 2 kwa siku, wengine dakika 12, wengine walipewa ushauri tu. Baada ya wiki 10 makundi yote mawili ya mpira yalikuwa na nafuu kuliko la ushauri, na tofauti kati ya dakika 2 na dakika 12 ilikuwa ndogo.

Rudi kwa fundi wangu. Nilimlaza chali, magoti yamekunjwa, nikakunja mfuko wa mashine ya kupimia presha na kuusukumia chini ya kikosi chake. Nikaujaza hewa mpaka mshale ukasimama 20. Nikamwambia, "Mama, itikia kwa kichwa kama unamwambia mjukuu 'ndiyo', polepole, kichwa kisinyanyuke." Lengo ni kuupandisha mshale hadi 22, kuushikilia hapo sekunde 10, kisha 24, na kuendelea hivyo hadi 30. Kwenye 24 mshale ukaanza kutetemeka. Kwenye 26 kamba mbili za mbele ya shingo zikatuna na meno yakakazana. Ile misuli ya ndani ilikuwa imenyoosha mikono, majirani wanaifanyia kazi. Yeye mwenyewe alikuwa akiutazama mshale, akacheka. "Kumbe sina shingo!"

Tulifanya hivi. Wiki mbili za kwanza nilitumia mikono yangu kulegeza, na yeye akafanya kuitikia kwa kichwa asubuhi na usiku, akiwa kitandani. Baada ya hapo nikampa mpira. Mpira wa dukani ulimshinda bei, kwa hiyo tulikata utepe wa tyubu ya baiskeli, tukaufunga kwenye nondo ya dirisha, akakunja kanga kichwani ili usimvute nywele: mara 15 kwenda mbele, nyuma na kila upande, siku tatu kwa wiki, akianza na mvuto mwepesi. Nilimwonya kwamba siku za mwanzo ataumwa zaidi kidogo, na kama maumivu yametulia ifikapo kesho yake, aendelee. Hatukupunguza kazi yake, maana asingekubali. Tuliinua cherehani kwa vipande viwili vya mbao, basi.

Sidai mpira ni bingwa wa mazoezi yote. Hakuna zoezi moja lililothibitika kuyazidi yote mengine, na wapo wasiopona hata wakijitahidi, hasa wasiolala vizuri au wenye msongo mkubwa nyumbani. Ila nikiambiwa nichague kimoja tu nibaki nacho kliniki, mashine mtazibeba.

Wako pia watu ambao siwagusi, nawapeleka hospitali siku hiyohiyo au nawaandikia barua: aliyeanguka au kupata ajali karibuni, mwenye homa, jasho la usiku na kukonda, kwa kuwa kifua kikuu hukaa hata kwenye pingili, aliyewahi kuugua saratani, aliyepatwa ghafla na maumivu ya shingo asiyowahi kuyaona, pamoja na kizunguzungu au kuona vitu viwili viwili, anayeyumba akitembea au asiyeuhisi mkojo. Fundi wangu nilimpima kwa uzi: mtu ambaye uti wa mgongo umebanwa shingoni huanza kushindwa kazi ndogo ndogo za vidole, kama kufunga vifungo. Alitunga uzi kwenye sindano mara ya kwanza, bila miwani. Nikatulia.

Wiki ya 10 mshale ulifika 28, na shingo ilikuwa ikimsumbua siku moja moja tu. Kisha ikaja wiki ya kuelekea Idi, oda zimerundikana mpaka mlangoni, akanipigia simu: imerudi. Nikamwuliza mpira uko wapi. Kimya kidogo.

"Nimefungia mzigo wa vitambaa, daktari."

Nikamwambia apite kwa fundi baiskeli akate mwingine.